Jana walionyeshwa, leo wanaonyesha

Wewe unayesoma kwa kuchungulia begani kwa mwenzio ndani ya daladala, leo nimekusamehe, sogea tu usome vizuri. Wiki hii sina habari za nani kamwacha nani. Nawapeleka mamtoni bila viza wala nauli, tukaangalie maonyesho ya sanaa.

Tayari nasikia mtu anapiga miayo. Eti maonyesho ya sanaa, hayo si mambo ya wazungu wazee na glasi zao za mvinyo? Taratibu bwana. Haya ninayoyasema ni ya watu wa kawaida kabisa, wauguzi, wapishi, mabaharia na watoto wao, na ndani yake kuna kisa kilichoninyima usingizi siku mbili nzima.

Nianze na swali. Ulipokuwa shule, mwalimu hakukutuma ukanunue karatasi ya manila? Ile ngumu, ya kuchorea ramani ya Afrika au njia ya chakula tumboni, halafu inabandikwa ukutani mpaka inapauka. Sasa hivi uliwahi kujiuliza Manila ni nani? Manila ni mji mkuu wa Ufilipino. Karatasi ilipata jina hilo kwa sababu zamani ilitengenezwa kwa nyuzi za mmea wa huko unaoitwa abaka, ndugu wa damu wa mgomba huu huu tunaoujua, ila hauzai ndizi za kula. Nyuzi hizo hizo zilisokotwa kamba za meli, na sokoni zilishindana na katani, hii ya mkonge wa Tanga. Kwa hiyo Mfilipino si mgeni kwetu. Tumeandika juu ya jina lake tangu shule ya msingi, na ukubwani tamthilia zake zimetukalisha sebuleni mpaka ugali ukaungua jikoni. Wapenda ngumi nao wana Manny Pacquiao wao, sina haja ya kumtambulisha.

Basi Wafilipino hawa wako Marekani kwa wingi kuliko unavyodhani. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 4, wakiwemo wenye damu mchanganyiko. Kila mwezi wa Oktoba wana mwezi wao wa historia, na Bunge la Marekani liliutambua mwaka 2009. Kwa nini Oktoba? Kwa sababu tarehe 18 Oktoba 1587 meli ya Wahispania ilitia nanga mahali panapoitwa Morro Bay, pwani ya California, na ndani yake walikuwemo Wafilipino, wakashuka. Mwaka 1587, msomaji wangu! Taifa la Marekani lenyewe lilikuwa halijazaliwa.

Mwezi huo ukifika, kumbi za jumuiya, maktaba na hata makanisa vinageuka kuwa majumba ya sanaa. Ukutani picha za rangi za vijana wa juzi zinakaa ubavuni mwa picha za babu zimechakaa pembeni. Kuna mavazi, kuna nakshi za mbao, kuna taa za umbo la nyota ziitwazo parol, zile wanazotundika Krismasi. Na kwa kuwa Mfilipino hakuiti mahali ukaondoka na njaa, mara nyingi kuna meza ya lumpia, vitu vinavyoviringishwa kama mkeka mdogo na kukaangwa, mtu wa Dar angeviita sambusa ndefu, pamoja na tambi za pancit. Bibi anamshika mjukuu mkono, anamwonyesha picha ukutani, anamwambia huyu alikuwa jirani yetu. Hapo ndipo patamu.

Lakini wapenzi, ili uelewe kwa nini watu wazima wanatokwa machozi mbele ya picha za kuchora, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Na hiki ndicho kisa nilichosema.

Mwaka 1898 Hispania ilishindwa vita na Marekani. Katika mkataba wa amani Marekani ikailipa Hispania dola milioni 20, ikaichukua Ufilipino. Wenyewe Wafilipino hawakuulizwa. Walipokataa ikawa vita, damu ikamwagika sana. Kisha mwaka 1904 mji wa St. Louis ukafanya Maonyesho ya Dunia, makubwa ajabu, yaliyopokea karibu watu milioni 20. Ndani yake wakatenga eneo la ekari 47, wakaleta Wafilipino zaidi ya 1,000, wakawajengea vijiji vya mfano. Watu wakakata tiketi kuja kuwatazama.

Rudia kusoma hapo. Walioonyeshwa hawakuwa picha, wala vinyago, wala mikeka. Walikuwa ni watu. Walitazamwa wakipika, wakicheza ngoma, wakivaa kwao. Waigorot, watu wa milimani, ndio waliovuta umati zaidi, maana iliongezwa chumvi kwamba wao kutwa kucha chakula chao ni mbwa. Wengine walifia huko huko, hawakuiona tena Ufilipino. Waandaaji walitaka Mmarekani wa kawaida arudi nyumbani akisema, kumbe hawa bado hawajastaarabika, acha tuwatawale.

Kwa hiyo maonyesho makubwa kabisa ya Kifilipino katika historia ya mwanzo ya Marekani yalikuwa ya namna hiyo. Sasa tazama Kiswahili chetu kilivyo na maarifa. Kuonyesha na kuonyeshwa vinatofautiana kwa herufi moja tu, ile W. Herufi moja, lakini watu wamehangaika zaidi ya miaka 100 kuing'oa.

Mmoja wa waliohangaika ni mwanamama Stephanie Syjuco, mzaliwa wa Manila wa mwaka 1974, aliyekulia Marekani. Alikwenda kwenye kumbukumbu za yale maonyesho ya St. Louis, akazikuta picha za wale watu. Sasa wewe ungefanya nini? Ungezichana? Ungezificha? Yeye alifanya jambo dogo lenye uzito wa tani. Aliweka viganja vyake mwenyewe juu ya picha, akawafunika wale watu nyuso na miili, kisha akapiga picha upya. Kazi hiyo ya mwaka 2019 inaitwa Block Out the Sun. Ukiitazama unaona mikono ya mwanamke wa leo inamkinga bibi wa jana asitazamwe tena. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani kuna hitilafu kwenye picha. Nilipoelewa nikanyamaza.

Haya, tutoke St. Louis twende California, miaka ya 1920 na 1930. Vijana wa Kifilipino walivuka bahari kwa maelfu kwenda kutafuta maisha. Walijulikana kama manong, neno la Kiilokano lenye maana ya kaka mkubwa, neno la heshima. Hapa kwetu tungesema walikwenda kubeba boksi. Walivuna mboga za asparaga mashambani huko Stockton, walichuma zabibu, walisindika samaki Alaska. Jumamosi jioni, usicheze nao! Walivaa suti za McIntosh zilizopigwa pasi ikakubali, nywele zinang'aa, wakaingia kwenye kumbi za dansi ambako senti 10 zilikununulia wimbo mmoja na binti wa kucheza naye.

Hapo sasa ndipo chuki ilipowaka. Wenyeji wakasema hawa wanatuchukulia kazi, na zaidi wanatuchukulia mabinti. Kwenye mlango wa hoteli moja Stockton kulikuwa na kibao kilichosema Wafilipino hawaruhusiwi kabisa. Mwezi wa Januari 1930 kulitokea ghasia Watsonville, kijana Fermin Tobera, umri miaka 22, akapigwa risasi akafa. Mwaka 1933 California ikaipanua sheria yake ili Mfilipino asifunge ndoa na mwanamke wa kizungu, na sheria za namna hiyo zilikuja kuangushwa mahakamani mwaka 1948. Wanawake wa Kifilipino waliokwenda kule walikuwa wachache mno. Fanya hesabu mwenyewe. Manong wengi walizeeka makapera, wakaishi kwenye vyumba vidogo vya kupanga, bila mke, bila mtoto wa kumsimulia.

Vyumba hivyo maarufu kuliko vyote vilikuwa San Francisco, kwenye jengo la International Hotel, mtaa wa Kearny. Watu waliliita I-Hotel. Chini ya jengo hilo kulikuwa na kikundi cha wasanii vijana wa asili ya Asia, Kearny Street Workshop, kilichoanzishwa mwaka 1972. Vijana walichapa mabango, wazee walikaa juu na kumbukumbu zao. Mwenye jengo akataka kulivunja. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1977 polisi walikuja mamia kwa mamia na farasi wao. Nje maelfu ya watu walishikana mikono kulizunguka jengo, kamba ya watu. Kamba ikakatika. Wazee wakatolewa mmoja mmoja, na wasanii wakapoteza pao. Ilichukua mpaka mwaka 2005 kwa jengo jipya la wazee kusimama pale pale, na chini yake sasa kuna kituo cha historia ya mtaa ule, mahali pa kufanyia maonyesho.

Umeona mambo yanavyofungamana? Anayevunja nyumba ya mzee anavunja na maktaba. Ndiyo maana maonyesho ya jumuiya hayaanzi na rangi, yanaanza na picha ya babu.

Sasa nimlete mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Carlos Villa. Alizaliwa San Francisco mwaka 1936, wazazi wake wahamiaji kutoka Ufilipino. Akiwa mwanafunzi wa sanaa alimwuliza mwalimu wake habari za historia ya sanaa ya Kifilipino. Mwalimu akamjibu kwamba hakuna kitu kama hicho.

Sisi tuliosoma mpaka fomu foo tu tunalijua jibu la aina hiyo. Unauliza, unaambiwa hakipo, unakaa chini. Villa hakukaa chini. Alianza kutengeneza majoho makubwa ya turubai, ameyapaka rangi na kuyavika manyoya ya ndege, kama ya chifu asiyejulikana nchi yake. Alitumia mifupa, magamba ya baharini, nywele. Alijipaka rangi na kujibandika mwili kwenye turubai, uso wake ukabaki pale kama muhuri. Ni kama anasema, mnasema hakuna, basi huyu hapa ni nani?

Mwaka 1976, Marekani ikisherehekea kutimiza miaka 200, Villa aliandaa maonyesho aliyoyaita Other Sources, akawakusanya wasanii weusi, wenye asili ya Asia, Walatino, Wahindi Wekundu na wanawake, watu ambao milango mikubwa ilikuwa haijawafungukia. Mwaka 2011, uzeeni, alirudi kwa wale manong makapera. Aliwatengenezea milango. Milango kabisa ya mbao, kwa heshima ya watu waliofungiwa milango maisha yao yote. Alifundisha chuo kile kile alichosoma kwa zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 2013. Mwaka 2022 ndipo kazi zake zikakusanywa katika maonyesho makubwa, Newark kwanza kisha San Francisco. Miaka 9 baada ya kuzikwa! Lakini lile jibu la mwalimu lilikuwa limeshapata jibu.

Msije mkadhani ni vilio tu. Mfilipino ni mtu wa mzaha pia. Michael Arcega, naye mzaliwa wa Manila, mwaka 2004 alitengeneza jahazi kubwa la Kihispania, mfano wa zile meli zilizopiga safari kati ya Manila na Acapulco kuanzia 1565 mpaka 1815. Akalitengeneza kwa nini? Kwa mafaili ya manila, yale ya ofisini! Akalipa jina El Conquistadork, mzaha wa kumcheka mtekaji nchi kwamba ni bwege. Na jahazi la karatasi likaingizwa majini, ghuba ya Tomales, likaelea. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Na akina mama msinune, wenu yupo. Pacita Abad, mzaliwa wa visiwa vya Batanes mwaka 1946. Aliondoka kwao mwaka 1970 baada ya kuandamana dhidi ya utawala wa Marcos. Alikuwa njiani kwenda Hispania kusoma sheria, akapitia San Francisco, akanogewa, akabaki. Alishona nguo apate riziki, na ushonaji huo hakuuacha alipokuwa msanii. Turubai lake alilijaza pamba kama godoro, akalishona kwa mkono, kisha akalipamba kwa vifungo, kauri na vioo vidogo. Alitembea nchi zaidi ya 60, Sudan ikiwemo, na kila alikokwenda alijifunza ufundi wa wanawake wa pale. Mwaka 1991 alifanya kazi aliyoipa jina lenye maana kwamba nilidhani barabara zimetandazwa dhahabu, inayohusu wahamiaji na kazi wanazoishia kuzifanya wakifika Marekani. Wale mnaouza viwanja ili mzamie, itafuteni picha hiyo kwanza. Mwaka 2004, saratani imeshamshika, alipaka daraja zima la Alkaff huko Singapore kwa rangi 55. Akafariki mwaka huo huo. Maonyesho makubwa ya kazi zake yalianza Minneapolis mwaka 2023, yakaenda San Francisco, New York na Toronto.

Shoga yangu mmoja nilipomsimulia haya akaniuliza, sasa hao majumba makubwa yameshawapokea, vimaonyesho vya ukumbini vya nini tena? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba jumba kubwa lilimfuata Villa kaburini. Ukumbi wa jirani ulimjua akiwa hai. Jumba kubwa huchagua mmoja, ukumbi wa jirani huweka na mchoro wa mtoto wa darasa la nne na sweta aliyofuma muuguzi mstaafu. Wafilipino wana neno bayanihan. Zamani kijijini mtu akihama, majirani walikuja wakaingiza mianzi chini ya nyumba yake, wakaibeba mabegani, nyumba nzima nzima, mpaka mahali papya. Msaragambo wa kubeba nyumba! Hawa wa Marekani wamehamishwa mara nyingi, na kinachobebwa mabegani sasa ni kumbukumbu.

Ushahidi uko San Francisco, mtaa wa SoMa, ambao mwaka 2016 jiji liliutambua rasmi kama eneo la utamaduni wa Kifilipino. Kuna vichochoro vina majina ya mashujaa wao, Rizal, Mabini, Lapu-Lapu. Kwenye ukuta wa nyumba ya wazee kuna mchoro mkubwa wa mwaka 1984, Ang Lipi ni Lapu-Lapu, yaani kizazi cha Lapu-Lapu, yule chifu ambaye watu wake walimwua Magellan mwaka 1521. Ulichorwa na Johanna Poethig, Vic Clemente na Presco Tabios. Kodi za nyumba San Francisco ni kizunguzungu, wengi wameshahama. Ukuta haujahama. Mzee akifungua mlango asubuhi anajikuta anaishi ndani ya historia yake.

Zile picha za St. Louis, nyingi zinataja kabila tu, jina la mtu hakuna. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtu kasafiri baharini wiki kadhaa, katazamwa na mamilioni, na hakuna aliyemwuliza unaitwa nani. Kwa hiyo wiki hii nina ombi moja tu. Ile bahasha ya picha kuukuu iliyo chini ya kabati la bi mkubwa, itoe. Kaa naye, mwulize huyu nani, na huyu aliyesimama nyuma je. Andika majina nyuma kwa penseli, usikandamize. Halafu tundika moja sebuleni, palipo na kalenda ya mwaka juzi. Hayo nayo ni maonyesho, na wewe ndiye unayeonyesha.

Nimemaliza. Wa kununa anune, wa kununua gazeti wiki ijayo anunue. Kwaherini.